UZI: Gemu inalagi na kifurushi ni kikubwa? Usiongeze Mbps kabla hujakagua nyumba yako

mvuta_waya

Niaje wasee, habari za jioni. Kila wiki hapa kuna mtu anauliza kifurushi gani ndio kizuri cha gemu na majibu ni yale yale, huyu anasema panda hadi Mbps 40, yule anasema hamia kampuni ingine, mwingine anasema nunua dishi, na hakuna hata mmoja anayemuuliza ruta yake imekaa wapi ndani ya nyumba. Inaniuma kwa sababu hizo ni pesa za watu. Kazi yangu ni kuvuta waya na kufunga ruta kwenye maploti ya Nairobi, Kasarani, Zimmerman, Pipeline, saa zingine South B, na usiku nacheza CS2 (Counter-Strike 2) na EA FC ile ya mpira, so hii shida naijua pande zote mbili. Nitaandika mrefu, mnivumilie.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Mbps inakuambia data ngapi inaweza kupita kwa sekunde moja. Pingi inakuambia pakiti moja imechukua muda gani kufika kwa seva na kurudi, na inapimwa kwa milisekunde. Gemu ikishaanza haitaki data nyingi, CS2, EA FC, Call of Duty, PUBG Mobile, zote ukipima mechi ikiendelea utakuta ziko chini ya Mbps 1, kwa sababu kinachotumwa ni uko wapi, unaangalia wapi na umebonyeza nini, vitu vidogo vidogo vinavyotumwa mara nyingi kwa sekunde. Mbps nyingi zinasaidia siku ya kudaunlodi gemu ya GB 100, hapo sibishi. Lakini msee wa Mbps 10 aliyechomeka waya anakushinda wewe wa Mbps 60 uliye kwa waifai nyuma ya ukuta wa tatu. Pingi ndogo, isiyorukaruka, pakiti zisizopotea, basi, hizo ndizo tunatafuta.

Pili, kuna pingi huwezi kupunguza hata ukilia. Mwanga ndani ya faiba unaenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, so kila kilomita 100 za njia zinakula milisekunde 1 kwenda na kurudi. Kutoka hapa mpaka Frankfurt kwa ndege ni zaidi ya kilomita 6,000, na kebo haipiti huko juu, inashuka Mombasa, inaingia baharini, inapanda Bahari ya Shamu, inavuka Misri, inatokea Mediterania ndio ifike Ulaya. Ndio maana seva ya Ulaya hapa Nairobi ukipata 130 hadi 170 uko sawa, acha kupigia kampuni simu. Johannesburg ni kama kilomita 2,900, na ukiwa na njia nzuri unapata 50 hadi 80. CS2 na Dota 2 zote zina seva Afrika Kusini, kwa hivyo ingia setingi uhakikishe hauchezi Ulaya bila kujua. CS2 ina mahali pa kuweka pingi ya juu unayokubali kabla ya kutafutiwa mechi, iweke 100 hivi, itakutafutia karibu hata kama utangoja kidogo.

Kitu kimoja hapa ndio ni cha kampuni yako. Kuna laini ambazo safari ya kwenda Johannesburg inapitishwa Ulaya kwanza halafu inarudi chini. Ukiona seva ya Afrika Kusini inakupa 250 au 300 na ya Ulaya inakupa 150, ni hiyo. Fungua kompyuta, ingia Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, andika tracert na anwani ya seva, uone pakiti inapita wapi. Hapo sasa una sababu ya kuongea na kampuni, na uwatumie hiyo picha, usiwaambie tu "mtandao ni mbaya".

Tatu, na hapa ndipo naomba kila mtu asimame kidogo. Kabla hujalaumu mtu yeyote, pima kutoka kwako mpaka kwa ruta. Anwani ya ruta imeandikwa kwa karatasi iliyobandikwa chini yake, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Kwa Windows, hapo hapo Command Prompt, andika ping -t na hiyo anwani, iache iende dakika tano, tena ufanye hivyo usiku saa mbili saa tatu wakati ploti yote iko nyumbani, sio saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Kwa waya inafaa kukaa chini ya milisekunde 1. Kwa waifai nzuri 2 hadi 5. Ikirukaruka, shida iko ndani ya nyumba na hata ukihama kampuni mara kumi utahama nayo.

Mfano. Kuna ploti Roysambu niliitwa, kijana ana PS4 ile ya kwanza nene, analipa Mbps 30 na kampuni walikuwa washamjua kwa sauti. Ruta iko sebuleni, ndani ya kabati ya TV, nyuma ya wufa, na mlango wa kabati umefungwa ndio nyumba ikae nadhifu. PS4 iko bedruum, kuta mbili za mawe katikati. Nikakaa kitandani na laptop yake nikapiga pingi ya ruta, si ya Ulaya, ya ruta iliyo hapo nje: 3, 4, 3, 187, 5, 96, imepotea, 4, 240. Nikafungua app ya kuangalia waifai, bendi ya 2.4 (GHz, masafa ya waifai) ilikuwa imejaa majina ya majirani mpaka unasukuma skrini chini. Na hiyo PS4 ya kwanza ya 2013 haioni kabisa bendi ya 5, inajua 2.4 tu, bendi ya 5 ilikuja na Slim na Pro mwaka wa 2016. Kwa hivyo alikuwa anapigania hewa na ghorofa nzima. Nikavuta kebo kutoka sebuleni, ikapita juu ya fremu ya mlango, ikashuka nyuma ya kitanda. Pingi ya ruta ikakaa chini ya 1 bila kutingishika. Kifurushi hakikuguswa.

Ulizeni maswali, nitajibu nikitoka kazi.

zimma_gema

Boss hii uzi ilikuwa inahitajika. Mimi waya siwezi kuvuta, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta, na ruta fundi aliiweka mlangoni kabisa kwa sababu ndipo faiba iliingilia. Nifanye nini na hiyo waifai?

mvuta_waya

Zimma kwanza kutoboa si lazima, usikate tamaa na waya haraka. Kuna kebo bapa nyembamba inapita chini ya mlango na chini ya kapeti, na kuna klipu za kubandika zisizohitaji msumari, unaifuata pembeni ya ukuta hakuna mtu ataiona. Kebo ya Cat5e inabeba Gbps 1 mpaka mita 100, bedsita yako haina hata mita 20.

Ukishindwa kabisa, toa ruta kwa kabati na chini ya meza, iweke juu mahali wazi, ukuta mmoja kati yako na yeye ni afadhali kuliko miwili. Halafu ingia setingi utenganishe majina ya bendi mbili, ile ya 2.4 na ile ya 5, ziwe na majina tofauti, kwa sababu zikiwa na jina moja simu na konsoli zinajichagulia na mara nyingi zinachagua vibaya. Gemu iende kwa 5. Bendi ya 5 inashindwa na ukuta haraka, lakini hiyo ndiyo raha yake kwa ploti, ya jirani pia inashindwa na ukuta, haikufikii. Kama kifaa chako ni cha 2.4 peke yake, chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, usichague 3 au 8 ukidhani umejificha katikati, hapo unapigwa na pande zote mbili. Na ukiona pingi inaruka tu wakati wa kupasha chakula, ni mikrowevu, inatumia masafa hayo hayo ya 2.4.

mama_wa_umoja

Kaka asante kwa maelezo. Mimi sichezi, anayecheza ni kijana wangu wa form two, na kelele za "mum mtandao" zimenichosha. Tuliuziwa kifaa cha kurudia waifai tukakiweka katikati ya nyumba, alama zikajaa kwa TV lakini yeye anasema gemu imekuwa mbaya kuliko zamani. Nikadhani anadanganya ndio nimnunulie kitu kingine.

mvuta_waya

Mama kijana anasema ukweli. Hicho kifaa kinapokea waifai kwa hewa halafu kinaitangaza tena kwa hewa hiyo hiyo, kila pakiti inasafiri mara mbili na inangoja zamu mara mbili. Alama zinajaa kwa sababu kifaa kiko karibu na TV, lakini hizo alama zinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya TV na kifaa tu, hazisemi chochote kuhusu safari ya kutoka kifaa mpaka kwa ruta. Kwa kuangalia video hakuna shida, video inajiwekea akiba mbele. Gemu haina akiba, kilichochelewa kimechelewa.

Usikitupe. Angalia kama kina tundu la kebo, vingi vinalo. Vuta kebo kutoka kwa ruta mpaka kwa hicho kifaa, ingia setingi zake ukibadilishe kutoka kurudia kiwe sehemu ya kusambaza waifai yenye waya. Hapo chumba cha kijana kinapata waifai yake safi na wewe hujanunua ruta mpya.

Na mama, kwa sababu ni kijana wa shule, akaunti yake iweke uthibitisho wa hatua mbili na nambari iwe yako, na weka kikomo cha matumizi kwa akaunti ya mzazi, PlayStation na Xbox zote zinakubali. PIN ya M-Pesa usimpe hata akiomba kwa heshima.

mama_wa_umoja

Tundu liko. Nitamwita fundi wikendi. Asante sana, na hiyo ya PIN nimesikia.

southb_fc

Mimi shida yangu ni tofauti. Niko kwa waya tayari, pingi ya ruta ni chini ya 1, Johannesburg napata 62 mchana wote poa. Ikifika saa mbili usiku inaruka 300, 400, halafu inarudi. Kampuni walipima wakasema Mbps 30 zote zinafika, na kweli zinafika. Sista yangu anatengeneza video za TikTok na tuna kamera mbili za usalama. Nimeambiwa nipande Mbps 60.

mvuta_waya

Southb usipande, wewe una ugonjwa wa foleni, na huu ndio watu wengi hapa wanaugua bila kujua. Sista akianza kupandisha video, ruta inapokea data haraka kuliko laini inavyoweza kutoa nje, basi inaipanga foleni ndani ya kumbukumbu yake. Pakiti yako ya gemu ni kidogo lakini inakuja nyuma, inangojea. Ni ambulensi imekwama nyuma ya malori Mombasa Road, haijalishi ni ndogo na ina haraka, malori ndio yametangulia. Na ukipanua barabara malori yanaongezeka, video za sista zitajaza hiyo Mbps 60 pia, zitamaliza mapema kidogo tu lakini zikiwa pale foleni iko pale.

Hakikisha kwanza. Ingia fast.com, ikimaliza kupima bonyeza maelezo zaidi, utaona pingi mbili, moja laini ikiwa imetulia na nyingine laini ikiwa imejaa. Zikikaribiana uko sawa. Ukiona 60 na 400, jibu ni hilo.

Dawa ni kuipa ruta akili ya kupanga. Tafuta kwa setingi sehemu ya QoS, yaani mpangilio wa nani apite kwanza, na kama ruta yako ina SQM, ile ya kusimamia foleni yenyewe, hata vizuri zaidi, hiyo inakuja na OpenWrt, programu ya bure ya kuendesha ruta, na kuna njia mbili zinaitwa fq_codel na CAKE, CAKE ndio naipenda. Unaiambia laini yako ni kama asilimia 85 hadi 90 ya ile halisi, kushuka na kupanda, kwa hivyo Mbps 30 unaandika 26 hivi. Watu wanaona uchungu kukata Mbps zao lakini maana yake ni foleni isijengeke kwa kifaa cha kampuni ambacho wewe huwezi kukigusa, ijengeke kwa ruta yako ambayo inajua kupitisha kilicho kidogo kwanza. Ruta nyingi zinazoletwa na kampuni hazina hii kitu, hapo unanunua ruta yako ndogo inayokubali OpenWrt unaiweka nyuma ya ile yao. Ukichukua ya mkono wa pili hakikisha modeli yake iko kwa orodha ya OpenWrt kabla hujatoa pesa.

Kabla hujanunua chochote, jaribu ya bure. Kamera punguza ubora wa video zinazopeleka nje au uziweke zipeleke zikiona mtu tu. Simu zote za nyumba, picha zijihifadhi mtandaoni usiku wa manane. PS na Xbox, zima apdeti za kujidaunlodi wakati wa kucheza, ziweke zidaunlodi mashine ikiwa imelala. Na ongea na sista, video moja ikipanda saa moja badala ya saa mbili haimpotezei kitu.

southb_fc

Aisee. 58 imetulia, 412 imejaa. Nimepima tu sasa hivi. Kamera nimeziweka zipeleke zikiona mtu peke yake, imeshuka 140. Ruta ya OpenWrt natafuta.

dada_wa_tekken

Wacha niongee kwa niaba ya watu wa gemu za kupigana maana mara nyingi tunasahaulika. Sisi hatuna seva katikati, Tekken 8 na Street Fighter 6 mnaunganishwa wewe na mpinzani moja kwa moja, so pingi yenu ni umbali wenu nyinyi wawili. Rollback inasaidia sana, inabahatisha mwenzako amebonyeza nini halafu inajirekebisha, lakini inasaidia pingi iliyo tulivu. Ukiwa 90 imenyooka tunacheza vizuri, ukiwa 40 inayoruka kwa waifai mchezo unakuwa picha za kurukaruka na combo inakatika. Na wapinzani wanaona alama kama uko kwa waya au waifai kabla ya kukubali mechi. Ukionekana na alama ya waifai watu wazuri wanakukataa, unabaki na wale wa waifai wenzako. Nairobi tuna watu wakali, QueenArrow, mchezaji wa Tekken, ametoka hapa hapa akasainiwa na timu ya nje mwaka wa 2018, kwa hivyo mpinzani mzuri si lazima utafute Ulaya.

Swali langu kwa mvuta_waya, kuna watu siwezi kuungana nao kabisa, inajaribu inakataa, na konsoli inaniambia niko NAT Type 3, ile inayozuia zaidi. Nimefungua milango (ports) kwa ruta kulingana na video nilizoona, hakuna kilichobadilika.

mvuta_waya

Dada umesema vizuri, na niongeze kwa hapo kwa wapinzani wa hapa. Nairobi tuna KIXP, kituo cha kampuni za intaneti kubadilishana trafiki, kinaendeshwa na TESPOK. Kazi yake ni kwamba mtu wa kampuni moja Umoja akicheza na mtu wa kampuni ingine Kileleshwa pakiti zikutane hapa mjini, zisiende Ulaya kusalimiana. Kama kampuni zenu zinabadilishana hapo mnapata pingi ya tarakimu moja au kumi na kitu. Hiyo Ulaya hawawezi kukupa kamwe.

Sasa NAT, yaani vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje. Ingia kwa ruta utafute anwani ya WAN, ile ya upande wa nje. Ikianza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, uko nyuma ya CGNAT, yaani kampuni imewapa anwani moja ya nje nyinyi wateja wengi, na milango unayofungua kwa ruta yako inafunguka kwa korido, lango kubwa liko kwa kampuni. Ndio maana video hazikusaidia, hao wenye video wana anwani zao wenyewe. Piga simu uulize anwani ya umma, wengine wanatoa kwa ada ya mwezi, wengine kwa vifurushi vya biashara tu. Uliza pia kama wana IPv6, zile anwani za aina mpya ambazo ni nyingi hazihitaji kugawana.

Kama WAN yako inaanza na 192.168, hiyo ni ingine, una ruta mbili zimefuatana zote zinafanya NAT. Ile ya nyuma igeuze iwe ya kusambaza tu au ile ya kampuni waiweke kama daraja. Southb na wewe soma hapa, ukiongeza ruta ya SQM utakutana na hii, ile ya OpenWrt ndiyo ibaki na NAT. Kama anwani ni ya umma kabisa, washa UPnP, ile inayoacha konsoli ijifungulie milango yenyewe, zima konsoli uiwashe tena. Type 2 inatosha, usihangaike na Type 1.

msee_wa_pipeline

Hapa kwetu ni stima. Inapotea dakika mbili inarudi, lakini ruta inachukua muda kuwaka na mechi ishaenda, na rank inashuka kwa kuhesabiwa nimeacha mechi. Nilinunua ile UPS ndogo ya ruta, betri ya akiba. Stima ikipotea ruta inabaki imewaka taa zote, lakini intaneti hakuna. Imeniudhi sana.

mvuta_waya

Pipeline hiyo UPS iko sawa. Swali ni laini yako inafikaje hapo. Kama ni faiba ya moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba, kigawanyi kilicho kwa nguzo hakitumii stima, so ruta yako ikiwa na betri unaendelea. Lakini maploti mengi ya huko faiba au redio inaishia juu ya paa au kwa kisanduku cha chini kwa ngazi, ndani yake kuna switchi, halafu mnagawiwa kwa kebo kila nyumba. Stima ikienda, hiyo switchi inazima na nyinyi wote mnazima. Angalia ukutani, ukiona kinachoingia kwako ni kebo nene ya RJ45 na sio uzi mwembamba wa faiba, ni hivyo. Ongea na msimamizi wa ploti na hao wa intaneti, wapangaji mkichangia betri moja ya hicho kisanduku gharama inagawanyika inakuwa kidogo.

Kwa wengine wanaonunua, soma nyuma ya chaja ya ruta kwanza, nyingi ni volti 12 lakini ampea zinatofautiana, 1, 1.5, 2, chukua UPS inayotoa volti hizo hizo na ampea zisizopungua hapo. Na TV na konsoli ziwe kwa kilinda umeme, stima ikirudi ndipo inaunguza vitu.

kileleshwa_pro

Vipi Starlink na ruta za 5G? Na TV ina maana yoyote ama ni porojo za wauzaji?

mvuta_waya

Starlink ilianza kuuzwa hapa Julai 2023, na mwanzoni mwa 2025 waliweka kituo chao cha kuunganisha hapa Nairobi, pingi ikashuka sana kwa sababu zamani trafiki ilikuwa inatokea nchi zingine. Satelaiti zake ziko kama kilomita 550 juu, si zile za zamani za kilomita 35,786. Kwa mtu wa Kitengela au Ruai asiye na faiba naipendekeza bila wasiwasi. Kwa Kileleshwa ghorofa ya tatu, jengo limekuziba pande mbili, dishi linahitaji kuona anga na kila likizibwa unapoteza pakiti sekunde moja mbili, kwa CS2 hizo sekunde ni kifo. Kama una faiba nzuri kaa nayo. 5G, weka ruta dirishani upande wa mlingoti, usiiweke katikati ya nyumba, na ujue jioni mlingoti unagawana na mtaa wote, pingi ya saa sita mchana si ya saa tatu usiku.

TV si porojo. TV ikiwa kwa setingi za sinema inachakata picha kabla ya kukuonyesha, na nyingi zinaongeza milisekunde 50 hadi 100, zingine zaidi. Hesabu mwenyewe, hiyo ni sawa na kutoka seva ya Johannesburg kwenda ya Ulaya, na umeileta nyumbani. Tafuta Game Mode uiwashe, na kwa TV zingine inawaka kwa HDMI moja moja so hakikisha ni ile konsoli imechomekwa. Erifoni za Bluetooth pia, nyingi zinachelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200, kama unasikiliza nyayo za adui tumia za waya kwa kontrola.

zimma_gema

Na zile siku Nairobi nzima inalagi? Kuna wakati nilibadilisha kampuni nikakuta ni vile vile.

mvuta_waya

Hizo ni kebo za baharini. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo, halafu tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika siku moja kuelekea Afrika Kusini na Afrika Mashariki yote ikahisi. Ukiona hivyo piga pingi ya ruta, halafu cheza na wa hapa Nairobi. Pingi ya ruta iko sawa, ya hapa iko sawa, ya nje imekufa, basi ni bahari, hakuna kitu cha kununua kitasaidia. Meli ya kutengeneza ikifika itarudi. Wiki hiyo usihame kampuni, kama zote zinategemea kebo hizo hizo.

zimma_gema

Sawa, kebo nimeamua kuvuta. Nikienda Luthuli, kwa maduka ya vifaa vya umeme, niulize nini nisiuziwe takataka?

mvuta_waya

Uliza Cat6 ya shaba tupu. Soma maandishi kwenye ngozi ya kebo, ukiona CCA hiyo ni alumini imepakwa shaba, inavunjika ukiikunja na haifai, rudisha. Mwenye duka akikubali akukatie mita zako na akufungie RJ45 pande zote mbili hapo hapo, mwambie aipime na kile kipimaji cha taa nane, taa zote nane ziwake kwa mpangilio, ikiruka moja afunge upya, ukiondoka nayo hivyo unaweza kupata Mbps 100 badala ya Gbps 1 na hutajua kwa nini. Pima nyumba yako kwanza na uzi, sio kwa macho, na uongeze mita mbili za kona. Kama itapita nje ya dirisha chukua ile nyeusi ya nje, ya ndani jua linaikausha ngozi inapasuka na maji yanaingia.